Banda la marehemu baba limejaa vifaa: kipi nibaki nacho, na nivipange vipi?

Binti Mikanjuni
Jumamosi, 18 Januari 2025, saa 3:40 usiku

Assalaam alaykum, na habari za usiku, wakubwa kwa wadogo.

Naandika kutoka Tanga mjini, Mikanjuni. Mwezi wa kumi nilirudi kuishi na mama baada ya miaka kumi na moja ya kufundisha Dodoma. Baba alifariki mwaka juzi. Alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge, akihudumia mashine za korona, zile za kuchambua nyuzi za mkonge, na injini za kusukuma maji, na alipostaafu alijenga banda la gari ubavuni mwa nyumba ingawa gari hakuwahi kuwa nalo. Alilijenga kwa ajili ya vifaa vyake. Mimi sasa nina gari dogo, linalala nje kwenye jua na hewa ya chumvi, na banda limejaa mpaka mlangoni.

Nimepima. Upana mita 3, urefu mita 5 na nusu. Gari halifiki mita 4. Kwa hesabu hiyo gari linaingia na kule mwisho inabaki nafasi ya karakana ndogo, lakini leo hata baiskeli ya mwanangu haipiti.

Jana nilianza kutoa vitu uani. Mpaka sasa nimekuta spana zaidi ya 40, nyingi zimeandikwa kwa sehemu za inchi (1/2, 9/16, 3/4), nyingine zina herufi W. Nyundo 5. Misumeno 3 ya mbao, mmoja umeliwa na kutu mpaka meno hayaonekani. Randa ya chuma. Jiriwa, ile ya kubania vyuma mezani, ambayo nimeshindwa kuinyanyua peke yangu. Makopo ya maziwa ya unga 23, nimeyahesabu, yamejaa bolti, nati, skrubu na misumari iliyotumika ikanyooshwa. Mifuko 2 ya saruji iliyogeuka jiwe. Dumu lenye petroli nusu. Betri ya gari iliyovimba. Kamba za katani, mizunguko na mizunguko. Na kuna kitu kimoja alikifunga vizuri kwenye kitambaa chenye mafuta: bamba nyembamba sana za chuma zimeshikwa pamoja kwa pini upande mmoja, zinafunguka kama pepeo, na kila moja ina namba, kuanzia 2 hadi 25. Mama hajui ni nini. Mimi pia sijui.

Mama amesema nisitupe hata msumari. Namwelewa. Kila akipita pale mlangoni anagusa ile meza ya baba kwanza, ndipo anaendelea na safari yake ya kuanika nguo.

Sasa, mimi ni mwalimu, si fundi. Ninachotaka ni kufanya mwenyewe kazi ndogo za nyumba. Koki ya jikoni inadondosha. Mlango wa choo unakwaruza sakafu. Nataka kutundika rafu ya vitabu, kubadilisha kamba ya kuanikia, kukaza baiskeli. Mwezi uliopita nilimwita fundi kwa ile koki. Aliikaza kwa nguvu mpaka kishikio kikapasuka, akachukua pesa yake akaondoka, na maji yanadondoka vilevile. Iliniuma sana, maana nilisimama palepale, nyuma yangu kuna banda zima la spana, na sikujua hata nimwambie nini.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Katika vitu hivi, vipi ni vya kutumia na vipi niviache? Na banda nilipangeje ili gari liingie kabla ya Ramadhani, na vitu vya baba visioze masika yakianza?

---

Mzee Randa
Jumapili, 19 Januari 2025, saa 12:55 asubuhi

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Mimi ni seremala mstaafu, nipo Ngamiani, barabara za juu huku.

Usianzie kwenye vifaa. Chukua daftari, kaa na mama, muandike kila kilichoharibika katika nyumba hiyo tangu mwezi wa kumi. Mbele ya kila kazi andika kifaa kinachotakiwa. Utashangaa: kazi zitakuwa ishirini na vifaa havitafika kumi. Vitajirudia vilevile. Nyundo ya kung'olea misumari. Bisibisi bapa mbili na za nyota mbili, kubwa na ndogo, kwa sababu bisibisi isiyotosha kichwa cha skrubu ndiyo inayokiharibu. Plaizi. Spana malaya ya inchi 10, ile ya kupanua na kubana mdomo. Futi ya mita 5. Pima maji. Msumeno wa chuma. Kisu cha kukunja. Hivyo viwe mahali pamoja, mkono unapofika bila kuwasha taa. Vingine vyote vya mzee ni akiba, na akiba haipangwi mlangoni.

Mlango wa choo. Umeandika unakwaruza sakafu, na sasa hivi ni kaskazi, mbao zote zimekauka na kusinyaa. Mlango unaovimba kwa unyevu hukwama masika, huu wako unakwama kiangazi. Basi si mbao, ni bawaba. Tazama bawaba ya juu, nina hakika skrubu zimelegea na mlango umelala mbele. Asije mtu akakwambia aupige randa chini. Toa skrubu moja, chonga kijiti cha mbao kavu, kipake gundi ya mbao, kigongee kwenye tundu, kikate sawa na fremu, kiache mpaka kesho, kisha rudisha skrubu. Ukipata skrubu ndefu kidogo kuliko ya zamani, vizuri zaidi. Halafu ya pili. Usitoe zote kwa pamoja, mlango utakuangukia.

Msumeno ulioliwa na kutu usiutupe kabla hujausugua kwa msasa na mafuta ya taa. Meno yakiwepo bado, tupa ya pembetatu, ile ya kunolea, itayaamsha. Randa ilaze ubavu kila unapoiweka, isikalie kisu chake.

Na hiyo jiriwa, mwanangu, ndiyo mali kuu ya banda hilo. Mtu anayefanya kazi peke yake ana mikono miwili, mmoja unashika kitu na mmoja unafanya kazi, ndiyo maana kazi inakwenda kombo. Jiriwa ni mkono wa tatu. Ifunge kwenye meza nzito kule mwisho wa banda kabla hujapanga kitu kingine chochote. Meza usinunue mninga, mbao ya paina ya Shume inatosha, unene inchi 2. Ukipata vipande vya mtiki wa Longuza hapo Muheza, hivyo hata mchwa hawavipendi.

---

Spana Kumi
Jumapili, 19 Januari 2025, saa 7:20 mchana

Dada, pole na hongera kwa kutaka kujifunza. Nina gereji Kange, nazungumzia spana tu.

Kile cha kwenye kitambaa ni kipimo cha nafasi. Namba ni unene wa bamba kwa elfu ya inchi, kwa hiyo namba 10 ni 10 katika elfu, karibu robo milimita. Fundi anaingiza bamba kati ya valvu na kinachoisukuma, au kwenye platini inayokatiza umeme wa injini, au kwenye mdomo wa plagi ya kuwashia injini, akijua pengo linalotakiwa ni kiasi gani. Bamba likipita kwa kukwaruza kidogo, pengo liko sawa. Mzee alikifunga kwa mafuta kwa sababu bamba la namba 2 likishika kutu, si la namba 2 tena. Alikuwa fundi wa kweli. Kirudishe kwenye kitambaa chake, tia tone la mafuta ya mashine.

Spana za inchi: gari lako ni la milimita, na baiskeli pia. Lakini usizitupe, maana baadhi zinaingia. 3/4 ni milimita 19 na nukta ndogo sana, inashika nati ya 19 vizuri. 5/16 inashika ya 8. 7/16 inashika ya 11. Ile ya 9/16 ni milimita 14 na robo na zaidi kidogo, tumia kwa 14 isiyokazwa sana. Ya 1/2 iogope: ni 12.7. Haiingii kwenye 13, na kwenye 12 inacheza, ukivuta kwa nguvu unaviringa kichwa cha nati na hapo umejiletea kazi ya msumeno.

Zenye W ni kipimo cha zamani cha Kiingereza, Whitworth. Namba yake inataja unene wa bolti, haitaji upana wa kichwa. Ndiyo maana 1/4 W mdomo wake ni milimita 13 na ushee, wakati spana ya kawaida ya inchi 1/4 ni milimita 6 na ushee. Usizichanganye kwenye kopo moja, utapoteza asubuhi nzima ukijaribu. Funga kwa waya, andika karatasi, tundika juu.

Za kununua mpya ni chache: 8, 10, 12, 13, 14, 15, 17 na 19, zile zenye ringi upande mmoja na mdomo upande wa pili. Ya 10, 12 na 14 ndizo za Toyota kila siku, vichwa vya betri vinafunguka kwa 10. Ya 15 ni kwa pedali za baiskeli, na kumbuka pedali ya kushoto nyuzi zake ni kinyume. Nati za tairi la gari lako tumia ile spana iliyokuja na jeki.

Spana malaya ina upande wa kuvutia. Nguvu iende kwenye taya lisilosogea. Ukivuta kinyume, taya linalosogea linafunguka na spana inateleza. Nadhani ndivyo koki yako ilivyopasuliwa, pamoja na kwamba koki inayodondosha haiponi kwa kukazwa.

---

Salim wa Duga
Jumapili, 19 Januari 2025, saa 2:05 usiku

Nitasema tofauti kidogo, dada yangu, usinielewe vibaya. Baba yangu aliacha banda la namna hiyohiyo. Tulisema tutapanga, tutapanga. Mwaka wa pili mama alijikwaa kwenye bomba gizani akavunjika nyonga, na hakutembea tena vizuri mpaka alipofariki. Mimi nakushauri ita wanunuzi wa chuma chakavu, baki na nyundo na bisibisi, nunua kisanduku kimoja kipya chenye kila kitu. Vitu vya marehemu havimrudishi marehemu.

---

Mzee Randa
Jumapili, 19 Januari 2025, saa 2:50 usiku

Pole sana, Salim mwanangu. Hilo la mama yako ni la kweli na binti alisikie: sakafu ya banda iwe tupu kabisa. Kitu chochote kikae ukutani au juu ya rafu, kamwe si chini. Hapo nakuunga mkono neno kwa neno.

Kwenye kisanduku sikubaliani nawe. Nimeviona vingi vya vipande mia. Bisibisi ya chuma laini inajikunja ncha siku ya tatu, na nusu ya vipande ni ukubwa ambao nyumba haitauona maishani. Pesa ya kisanduku kimoja inatosha bisibisi 4 nzuri na spana malaya moja nzuri. Na chuma cha zamani cha yule mzee, akikisafisha, kitamzika mjukuu wake.

---

Mjukuu wa Nahodha
Jumatatu, 20 Januari 2025, saa 4:10 asubuhi

Salaam kutoka Bagamoyo, Dunda. Sisi na nyinyi tunapigwa na bahari moja, kwa hiyo ngoja niseme la kutu.

Baba mdogo wangu ni fundi wa mashua. Tezo yake ni ya tangu sijazaliwa, na anafanya kazi mita chache kutoka kwenye maji. Siri yake ni moja: kifaa hakilali kichafu. Jioni anakifuta chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, anakikausha, anakipaka mafuta ya nazi. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hata kiangazi kimelowa. Ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifungia ndani.

Mafuta ya nazi hayanati. Usijaribu alizeti, baada ya wiki kadhaa inakuwa kama gundi, vumbi linashika na plaizi haifunguki. Mimi mwenyewe natumia oili ya cherehani kwa vitu vyenye maungo na nazi kwa vyenye makali.

Vile vilivyokwisha shika kutu: toa mipini ya mbao, loweka chuma kwenye siki nyeupe usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye kijiko cha magadi ili uchachu uishe, kausha juani hapohapo, paka mafuta kabla hakijapoa. Usikisahau kwenye siki siku tatu, itakula chuma chenyewe. Na usiloweke kitu kilichopakwa zinki, kama misumari ya bati au mnyororo mweupe, siki itavua zinki yote na umekiharibu.

Kamba za katani zisikae chini wala zisiguse ukuta. Zitundike kwenye kenchi, hewa ipite. Katani ikilowa na kukaa imelowa, inaoza kutoka ndani, kwa nje unaiona nzima. Kabla ya kufungia kitu kizito ifungue nyuzi uitazame katikati. Ikiwa nyeusi au inatoa unga, itumie kuanikia nguo tu.

---

Nuru ya Makorora
Jumatatu, 20 Januari 2025, saa 1:30 usiku

Dada, mimi ni fundi umeme mwenye leseni. Kabla ya kupanga rafu yoyote, toa vitu viwili leo: dumu la petroli na betri.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka unakuta moto. Gari likiingia humo, swichi ikitoa cheche humo, jiko la mkaa likiwa mlangoni, basi. Mpe Spana Kumi au gereji iliyo karibu, wanaoshea vyuma. Usimwage mtaroni. Betri ina asidi na risasi: vaa glavu, ibebe imesimama, ipeleke kwa wanaonunua betri chakavu, watoto wasiiguse.

Matambara uliyofutia mafuta ya kupaka mbao usiyakunje rundo moja. Yanapata joto yenyewe na huwaka bila kiberiti. Yatandaze juu ya kamba nje mpaka yakauke. Na siku umeme umekatika mkiwa na jenereta, isiwashwe ndani ya banda hata milango ikiwa wazi, wala gari lisingurume humo likipashwa moto. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayomlaza mtu asiamke.

Kwa umeme, kazi zako ni kubadilisha balbu na fyuzi ya plagi. Ndani ya plagi zetu za pini tatu kuna fyuzi: taa ya mezani inataka ampea 3, birika na pasi zinataka 13. Nimekuta nyumba za watu taa ya mezani ina 13, waya unaungua na fyuzi imetulia. Ukigusa kitu kilichofungwa ukutani, zima swichi kuu kwanza. Tesa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ni ya kuhakikisha tu, usiitegemee peke yake. Kuvuta nyaya mpya niachie mimi au mwingine mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji.

Ukipata pesa ya drili ya betri, betri zake zilale ndani ya nyumba. Banda la bati mchana wa Februari ni tanuri, joto linaziua.

---

Binti Mikanjuni
Jumanne, 21 Januari 2025, saa 4:15 usiku

Nimesoma kila neno, na nimemsomea mama. Spana Kumi, ulipoandika kwamba baba alikuwa fundi wa kweli, mama aliniomba nirudie. Asante sana.

Petroli na betri zimeondoka leo. Salim, pole kwa mama yako. Nimetoa mabomba yote njiani jioni hiihii, nimeyafunga ukutani kwa muda kwa kamba ya katani.

Mzee Randa, shikamoo. Tumeandika daftari, kazi zimefika 17. Umesema kweli, vifaa ni 9. Bawaba ya juu ya mlango wa choo, skrubu mbili kati ya tatu zilikuwa zinazunguka bure kwa kidole. Nimechonga vijiti.

Maswali madogo. Hiyo koki, kama haikazwi, inafanywaje? Na rafu ya vitabu, nyumba yetu upande wa mbele ni wa zamani, ukuta ni mawe na chokaa. Nilipojaribu msumari wa inchi 3 lilianguka bonge kama ngumi.

---

Mzee Randa
Jumatano, 22 Januari 2025, saa 1:10 asubuhi

Marahaba, mwanangu.

Koki: funga maji kwenye valvu iliyo karibu na mita. Fungua koki mpaka maji yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa maana skrubu yake ni ndogo na ikiangukia humo imekwenda. Toa kishikio, utaona nati pana chini yake. Ifungue kwa spana malaya, taya ulizifunge kitambaa usikwaruze. Inatoka shingo nzima, na mwisho wake kuna washa ya mpira. Kama imechimbika kwa duara, badilisha. Beba ya zamani dukani, usitaje ukubwa kwa kukisia. Halafu pitisha kidole ndani pale washa inapokalia. Pakiwa laini, umemaliza kazi. Pakiwa na makovu, washa mpya itadumu wiki chache, bora ununue koki nzima. Zungushia tredi tepu, ule utepe mweupe, kwa kufuata upande ambao koki inajifunga, mara tano au sita.

Ukuta wa mawe na chokaa usiupige msumari kabisa. Toboa kwa drili ukiwa umezima mpigo wake wa nyundo, anza na tundu dogo, kisha pana. Skrubu ziwe ndefu, zisiishie kwenye lipu bali ziingie kwenye jiwe. Kama kila unapotoboa unatoka unga mtupu, upo kwenye chokaa kati ya mawe, sogea inchi mbili. Na vitabu ni vizito kuliko watu wanavyodhani. Ningekuwa mimi rafu hiyo ningeisimamisha sakafuni kwa miguu yake, ukutani iwe na skrubu mbili tu za kuizuia isianguke mbele.

---

Binti Mikanjuni
Jumapili, 9 Februari 2025, saa 11:30 jioni

Nimerudi na habari. Gari limelala ndani tangu Alhamisi.

Niliweka jambo la Salim mbele: hakuna kitu sakafuni. Ukuta wa kulia nimefunga ubao wa plaiwudi, nikatundika vile vifaa 9 vya kila siku, na nikazungushia kila kimoja penseli ili ikiwa kimetoka nijue ni kipi. Mwanangu ana miaka 8, ndiye anayepita jioni kutazama umbo lipi liko wazi. Juzi alikuja kunidai bisibisi ndogo ya nyota niliyoisahau jikoni.

Spana za inchi zimefungwa kwa waya upande wake, za W upande wake, kama nilivyoelekezwa. Ngazi imelala ubavuni ukutani, baiskeli na kamba ziko kwenye kenchi. Nilizifungua nyuzi kamba zote: mizunguko mitatu ilikuwa myeusi ndani ingawa nje ilipendeza. Saruji tuliivunja kwa nyundo kubwa tukaijaza kwenye shimo mlangoni maji yanapotuama, na mfuko mpya nikinunua utakaa juu ya mbao, hautafika miezi mitatu.

Siki imefanya kazi kuliko nilivyotegemea. Kwenye nyundo moja ndogo, kutu ilipotoka, zilionekana herufi mbili za jina la baba alizozigonga kwa patasi. Mama hakuwahi kuziona.

Makopo 23 ndiyo yaliyonitisha zaidi. Nilitaka kuyasogeza tu kama yalivyo. Mama akasema tuyamwage juu ya mkeka barazani. Jioni tatu tumekaa baada ya alasiri, yeye anatenga nati, mimi bolti, mtoto misumari. Jioni ya pili mama mwenyewe akaanza kutupa: iliyopinda sana ndoo hii, iliyooza ndoo hii. Sikumwambia neno. Yamebaki makopo 9, kila moja nimelifunga kwa nje skrubu moja au bolti moja ya mfano, huna haja ya kusoma.

Koki imepona. Kwenye kopo moja kulikuwa na washa za mpira za baba, nikafurahi, lakini zilikuwa zimekauka ngumu kama kifuu kwa joto la bati. Nilipeleka ile ya zamani dukani nikapata yake. Nilipofungua maji nilisimama mbele ya sinki kama dakika kumi nikiitazama. Haikudondosha.

Mlango wa choo unafungwa kwa kidole.

Kimebaki kitu kimoja. Jiriwa. Tumeinyanyua watu watatu mpaka juu ya meza ya baba, mbao yake ni inchi 2, lakini haina bolti za kuishikilia na matundu yake manne yana upana wa milimita 13. Nimeipachika kwa skrubu za mbao, nikikata chuma inatikisika. Nifanyeje, mzee wangu?

---

Mzee Randa
Jumapili, 9 Februari 2025, saa 3:00 usiku

Hongera, mwanangu. Mpe mama salamu zangu nyingi.

Skrubu za mbao zitang'oka, ziondoe. Nunua bolti 4 za milimita 12. Urefu pima mwenyewe: unene wa mguu wa jiriwa, na inchi 2 za mbao, na nafasi ya washa na nati. Naona zitafika inchi 4 au zaidi kidogo. Zitoke juu zipenye mbao yote, chini utie washa pana, nati, na nati ya pili juu ya ya kwanza ili zisilegee kwa mtikisiko. Isogeze mpaka ukingoni mwa meza, taya la nyuma lipite ukingo kidogo, ili ukishika bomba refu liweze kushuka mpaka chini bila kugonga mbao. Iwe juu ya mguu wa meza, isiwe katikati. Urefu wake, taya zifike kwenye kiwiko chako ukisimama. Ikiwa chini ya hapo, weka kipande cha mbao chini yake kabla hujatoboa.

Na wembe wa msumeno wa chuma, meno yatazame mbele, yakikupa kisogo wewe uliyeshika mpini. Meno 24 kwa inchi yanatosha kazi nyingi, kwa bomba jembamba tafuta ya 32.

Jumamosi nina safari ya Mikanjuni kumtazama mgonjwa. Ukinielekeza nyumba, nitapita baada ya alasiri na kekee yangu ya mkono, tutoboe hayo matundu manne.